Vifaa vya pindo la mkono lisiloonekana: sindano, uzi, nta na kastabini

Mapindo mengi ya mkono yanayoonekana kwa nje yaliharibika kabla hayajashonwa. Yaliharibikia dukani, mnunuzi alipochukua pakiti ya sindano mchanganyiko na uzi wowote uliokaribia rangi ya nguo, akitegemea mkono urekebishe mengine. Mkono hauna uwezo huo. Sindano nene husukuma nyuzi za kitambaa pembeni na kuacha kitobo, na kwenye satini au hariri kitobo hicho hakizibi hata kwa pasi ya mvuke. Uzi mnene nao hukaa juu ya kitambaa badala ya kuzama kati ya mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana wa kitambaa. Mwanga ukiupiga kwa ubavu, kila mshono unajitokeza.

Kwa hiyo tathmini hii inaanzia kwenye vifaa, na mbinu zinaingia pale zinapoonyesha kifaa kinafanya kazi au kinakwama. Kipimo ni kimoja: upande wa nje wa nguo uonyeshe mkunjo tu, bila nukta, bila kinundu, bila mstari wa pasi.

Sindano

Sindano za mkono huhesabiwa kinyume na za cherehani. Ya cherehani namba 90 ina unene wa milimita 0.9, na namba 100 ina milimita 1 kamili; namba ikipanda, sindano inanenepa. Za mkono, namba ikipanda sindano inakonda. Namba 7 inakaribia milimita 0.7, na namba 10 ni kama nusu milimita. Kwenye rula tofauti hiyo ni ndogo mno, lakini kwenye poplini nzuri ambayo nyuzi zake zimesongamana, ndiyo inayoamua kama ncha itachota uzi mmoja au nyuzi tatu. Uzi mmoja hauonekani kwa nje. Nyuzi tatu ni nukta.

Pakiti mchanganyiko zinazouzwa karibu kila duka la rejareja hubeba zaidi sindano za vifungo, za magunia na za blanketi. Iliyo nyembamba kuliko zote humo mara nyingi bado ni nene kwa pindo la siri. Usizinunue kwa kazi hii. Tafuta pakiti yenye aina moja, yenye namba moja au namba mbili tatu zinazofuatana.

Jina la aina huchapishwa juu ya pakiti. "Sharps" ni sindano ya urefu wa kati yenye tundu dogo la mviringo lisilozidi sana unene wa mwili wake, na ndiyo ya kununua kwanza. "Betweens" ni fupi. Namba 9 na 10 hazifiki sentimita 3. Mafundi wa suti huzipenda kwa sababu ufupi unazizuia kupinda zikipita kwenye sufu na kanvasi, na mkono uliozizoea hushona mishono midogo kwa kasi. "Milliners" ni ndefu. Hizo zinafaa kupigia bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kwa kuwa unakusanya mishono kadhaa kwenye sindano kabla ya kuvuta, lakini kwenye pindo la siri urefu wake huifanya ncha iyumbe na uchote zaidi ya ulichokusudia. Mwenye macho yanayochoka kutunga uzi anunue zilizoandikwa "Embroidery" au "Crewel": mwili wake ni sawa na wa "Sharps" ya namba hiyohiyo, ila tundu ni refu.

Kwa suruali ya suti, gabadini na kitenge kizito, tumia namba 8 au 9. Poplini, satini, kanga na kitambaa cha kanzu vinataka 9 au 10. Shifoni, jojeti na hariri nyepesi zinataka 11 au 12, na hapo hakuna mbadala. Sindano namba 9 kwenye shifoni huacha mstari wa vitobo unaoonekana ukiinua mtandio kwenye mwanga.

Chapa tunayompendekezea mtu anayenunua sindano nzuri kwa mara ya kwanza ni John James ya Uingereza. Asili yake ni Redditch, mji wa Worcestershire uliojulikana duniani kwa sindano katika karne ya 19, na ambao mpaka leo una makumbusho ya sindano ya Forge Mill. Kinacholipiwa hapo ni tundu lililosuguliwa ndani. Tundu lisilosuguliwa ni msumeno mdogo: uzi unapita humo kila mshono, unaota manyoya sehemu ileile, kisha unakatika karibu na sindano wakati umebakiza shibiri moja kumaliza duara la sketi.

Sindano za Tulip za Hiroshima, Japani, zinazouzwa ndani ya kichupa chenye kizibo, zinateleza vizuri zaidi, hasa kwenye hariri iliyofumwa kwa kubana. Bei yake ni ya juu. Kwa suruali na kanzu hatuoni sababu ya kuilipa. Kwa gauni la harusi tunaiona. Clover, nayo ya Japani, ina mfululizo wa Black Gold wenye mwili mweusi na tundu la rangi ya dhahabu. Faida yake kubwa haitajwi sana: juu ya satini nyeupe unaiona ncha nyeusi inapotokeza, wakati sindano ya kawaida inang'aa pamoja na kitambaa na jicho linapotea.

Sindano zisizo na chapa zinazopangwa mezani Kariakoo au Darajani si lazima ziwe mbaya, ila pakiti moja inaweza kuwa na nzuri na mbovu pamoja, kwa hiyo zipime moja moja. Viringisha sindano juu ya kioo. Iliyopinda itaruka badala ya kubingirika. Ipitishe ncha juu ya soksi nyepesi ya nailoni kwa ubavu, bila kuichoma. Ikikwama, ncha ina ukingo uliojikunja na itavuta nyuzi za satini. Mwisho tunga uzi mweusi na uvute mbele na nyuma mara kumi ndani ya tundu. Uzi ukianza kuota manyoya, itupe.

Pwani kuna adui mwingine, hewa ya chumvi. Sindano iliyochomekwa kwenye sponji au pamba hukaa na unyevu na kuota vidoa vya kutu usivyoviona, mpaka viache alama ya kahawia kwenye kanzu nyeupe. Zihifadhi kwenye karatasi yake ya asili ndani ya kopo linalofunga, au kwenye kipande cha sufu halisi, ambayo ina mafuta kidogo ya asili. Mkono wenye jasho unaharakisha kutu. Osha, kausha, kisha shona. Poda ya mkononi inasaidia kwenye nguo nyeupe lakini huacha ukungu kwenye nguo nyeusi, na abaya itakusema mara moja.

Uzi

Uzi uliojaa kwenye meza za mafundi wetu ni poliesta ya kusokota iliyoandikwa 40/2. Mita 1000 za uzi huo zina uzito wa kama gramu 30. Ulioandikwa 60/2 una kama gramu 20 kwa urefu huohuo, yaani umepungua kwa theluthi. Kwa pindo la siri, 60/2 ni bora kwa karibu kila nguo, na cha kusikitisha ni kwamba maduka mengi huuweka kwa rangi chache kuliko 40/2. Ukiupata mweusi, mweupe, bluu ya suti, kijivu na kahawia, nunua zote. Hizo zinamaliza suruali nyingi.

Udhaifu wa 40/2 ya bei ya chini hauko kwenye unene tu. Imesokotwa kwa nyuzinyuzi fupi, hivyo ina manyoya, na manyoya hayo hushika mwanga na vumbi. Uzishike nyuzi mbili dhidi ya dirisha, mmoja wa bei ya chini na mmoja wa Gütermann wa poliesta unaoitwa Sew-all, na tofauti itaonekana bila darubini: unene unakaribiana, lakini wa pili ni laini na umenyooka. Gütermann ni kampuni iliyoanzishwa mwaka 1864 na kuhamia Gutach, Ujerumani, miaka michache baadaye. Uzi huo huuzwa kwenye vibobini vya mita 100 na vikubwa zaidi, na wingi wa rangi zake ndio sababu halisi ya kuutafuta. Kwa kanzu, sare na nguo yoyote inayofuliwa kila wiki, huu ndio tunaouweka mbele.

Kwa sufu, hariri na nguo za sherehe, uzi wa hariri hauna mshindani. Gütermann wanao wa mita 100, na Fujix wa Japani wana Tire namba 50, mzuri sana. Hariri inateleza, kwa hiyo mshono ulioubana kidogo kuliko wenzake hujilegeza wenyewe unapopiga pasi. Haijisokoti hovyo. Na ikipigwa pasi hulala bapa, wakati poliesta hubaki ya duara na kuacha alama ya uzi upande wa nje wa sufu nyepesi. Kasoro yake ni moja, na ni kubwa: dawa ya kung'arisha yenye klorini huila. Pindo la hariri kwenye kanzu nyeupe inayolowekwa kwenye dawa hiyo litaachia, na mteja atadhani fundi alishona vibaya.

Pamba inabaki kuwa chaguo zuri kwa kanga na nguo za watoto. Ukikosa rangi kwenye nyuzi za kushonea, kuna njia nzuri: kichane cha uzi wa kudarizi wa DMC kina nyuzi sita zinazotenganishwa, na uzi mmoja wa hizo unatosha kwa pindo lisilobeba mvuto. Vuta mmoja peke yake, taratibu, ndipo urudi kuvuta wa pili. Ukivuta miwili pamoja inafungana. Usiutumie kwenye kiuno, mapajani au penye zipu. Hauna nguvu hizo.

Rangi ichaguliwe nje ya duka, kwenye mwanga wa mchana, uzi mmoja ukiwa umelazwa juu ya kitambaa. Usipime kwa kuweka kibobini kizima juu ya nguo. Uzi ukiwa mwingi pamoja unaonekana umekolea. Ukiwa mmoja unapauka. Kwa hiyo ukikosa rangi kamili, chukua iliyokolea hatua moja, kamwe si iliyopauka. Kwenye kitenge cha rangi nyingi fuata rangi ya ardhi ya kitambaa iliyo nyingi karibu na pindo, na kama ua kubwa jeupe linakatiza pindo la kitambaa cha bluu, badilisha uzi hapo. Ni sindano mbili zilizotungwa tayari, kazi ya dakika moja.

Urefu wa uzi ni dhiraa moja, kutoka ncha ya kidole cha kati hadi kiwiko, ukiongeza vidole vinne. Zaidi ya hapo uzi unapita kwenye kitambaa mara nyingi mno, unachakaa, unajisokota na kujifunga mafundo. Tunga ncha iliyotoka kwanza kwenye kibobini, na upande uliokatwa mwisho ndio uwe mkia. Hivyo uzi unapita kwenye kitambaa ukifuata msokoto wake. Kata ncha kwa mshazari kwa mkasi mkali, na ulowanishe tundu la sindano badala ya uzi: uzi uliolowa hutuna. Uzi uwe mmoja siku zote. Kuutia maradufu kwenye pindo la siri ni kuongeza unene bila kuongeza chochote cha maana, kwa sababu pindo haliachii kwa uzi kukosa nguvu. Linaachia kwa mishono kubanwa.

Kifaa kikiwa kazini: pindo la suruali

Acha nafasi ya pindo ya sentimita 3.5 hadi 4 na umalize ukingo kwa ovaloki ya nyuzi tatu, isiyobana. Usikunje ukingo mara mbili kwenye sufu au gabadini, maana ule mkunjo wa ndani utachapa mstari upande wa nje kila suruali ikipigwa pasi. Piga pasi mkunjo wa chini, kisha piga bandi sentimita 1 juu ya mkunjo huo kwa uzi wa rangi tofauti. Sasa rudisha ukingo wa juu nyuma kwa milimita 5 au 6 na uushikilie kwa kidole gumba. Mshono utakaa ndani ya hapo, kati ya pindo na suruali, ambako kisigino cha kiatu na kidole cha mguu havifiki.

Anza bila fundo. Piga mishono miwili midogo ya kurudi nyuma kwenye nafasi ya pindo pekee. Mshono unaofaa hapa ni wa msalaba: ukitumia mkono wa kulia, unasonga kutoka kushoto kwenda kulia huku ncha ya sindano ikielekea kushoto. Chota nyuzi mbili tatu za pindo, songa mbele milimita 8, chota uzi mmoja tu wa kitambaa cha nje, songa tena milimita 8, rudi kwenye pindo. Nyuzi zinapishana, na kupishana huko ndiko kunakoliwezesha pindo kunyumbuka mguu unapokunjwa. Kila baada ya sentimita 10 hivi, piga mshono mmoja wa kurudi nyuma kwenye pindo. Uzi ukikatika siku moja, litaachia kipande hicho tu. Pindo la mashine ya pindo la siri, lile la suruali nyingi za dukani, hushonwa kwa mnyororo wa uzi mmoja. Ukivuta ncha upande unaofaa linafumuka mzunguko mzima.

Mambo yanayokwenda mrama hapa yana sababu zinazojulikana. Vishimo vidogo upande wa nje vinatokana na kuvuta uzi. Ulegeze kiasi kwamba ukiingiza ncha ya sindano chini ya mshono, unyanyuke kidogo. Nukta zinatokana na kuchota nyuzi nyingi au sindano nene. Pindo linalojisokota, mkunjo wake ukilala kwa mshazari, linatokana na kuruka bandi: safu ya juu ilisogea kidogo kwa kila mshono, na mwisho wa duara umebaki na kitambaa cha ziada. Kata uzi, anza upya. Hakuna pasi inayoliponya.

Sketi ya kloshi haiwezi kubeba sentimita 4. Ukingo wa nje wa duara ni mrefu kuliko mahali unapokwenda kushonewa, kwa hiyo nafasi ya pindo iwe sentimita 1.5 hadi 2. Pitisha uzi wa kukusanyia milimita 5 kutoka ukingoni, uuvute kidogo mpaka ukingo ulale, tandaza makunyanzi sawasawa, ndipo ushone.

Kanga ni rahisi na haina haja ya haya yote. Ikikatwa kutoka kwenye doti, ni ncha zake fupi tu zinazohitaji kupindwa. Kunja milimita 5, kunja tena milimita 5, kisha shona ndani ya mkunjo: sindano inasafiri ndani ya pindo milimita 6, inatokea, inachota uzi mmoja wa kanga palepale mkabala, inaingia tena kwenye mkunjo mkabala na ilipotokea. Ikiingia mbele ya hapo, uzi unalala kwa mshazari na unaonekana. Hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote kwenye mshono huu, na hata fundi mwenye mkono mwepesi hulifanya akiharakisha.

Shifoni: kazi inayopima kila kifaa

Ukingo wa mtandio wa shifoni ndio utakaokuambia kama ulinunua vizuri. Hapa sindano ni namba 11 au 12, uzi ni hariri nyembamba au poliesta 60/2, na mikono iwe mikavu.

Shifoni huchambuka ukiiangalia, kwa hiyo usikate ukingo wote mara moja. Kata sentimita 20 au 30 kwa mkasi mkali, shona hapo, kisha kata nyingine. Kunja milimita 3 kuelekea ndani. Sindano ichote uzi mmoja wa kitambaa chini kidogo ya ukingo mbichi, kisha ipite ndani ya mkunjo milimita 4, ishuke ichote tena. Acha mishono mitano au sita ikiwa legevu, inaonekana imekaa ovyo. Sasa vuta uzi kwa upole kufuata mstari wa ukingo: mkunjo unajiviringisha wenyewe, ukingo mbichi unaingia ndani, na mishono inatoweka. Ukivuta baada ya kila mshono, ukingo haujiviringishi. Unajikunja tu na kuonyesha nyuzi. Ukisubiri mishono kumi na miwili, uzi unaweza kukatika au kitambaa kikajikusanya.

Kamwe usipige pasi juu ya ukingo huo. Uzuri wake ni duara lake. Skafu za hariri za Hermès huviringishwa kwa mkono namna hii, ila wao huviringisha kuelekea upande wa mbele, na ukingo wake umejaa, haujalala. Hicho ni kipimo kizuri cha kujilinganisha.

Nta

Nta ya nyuki ni kifaa cha bei ndogo chenye faida kubwa, na Tanzania tunayo nyingi. Anayepata ya Tabora iliyochujwa vizuri hana haja ya kuagiza kipande kilichofungwa kwenye kiplastiki kutoka nje. Ukinunua ghafi, iyeyushe kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria kubwa la maji ya moto. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, na haitakiwi kuwekwa moja kwa moja juu ya moto. Chuja kwa kitambaa cha pamba, mimina kwenye kikopo, acha igande.

Nta ya mshumaa wa kawaida haifai. Ni parafini, inakatikakatika juu ya uzi na vipande vyake huacha doa la mafuta kwenye satini.

Vuta uzi juu ya nta mara mbili au tatu, kisha uweke katikati ya karatasi mbili safi na upitishe pasi ya moto. Wengi huiruka hatua hii, na ndipo matatizo yanapoanza. Nta iliyoyeyuka huingia ndani ya msokoto na ya ziada hubaki kwenye karatasi. Usipofanya hivyo, nta inabaki juu ya uzi, inasuguka kwenye kitambaa, na pasi ya mvuke ikija baadaye inaiyeyushia kwenye nguo yenyewe. Uzi uliotiwa nta ni wa bitana, vifungo, na zipu ya kushona kwa mkono kwenye gauni la harusi, ambako unapiga nukta ya kurudi nyuma milimita 1 na kwenda mbele chini ya kitambaa milimita 5. Kwenye shifoni usitie kabisa: uzi unakuwa mgumu na ukingo haujiviringishi.

Kastabini

Anayeshona bila kastabini, kile kifuniko cha kidole cha kusukumia sindano, hushika sindano nene, kwa sababu nyembamba inamuumiza kidole. Hivyo kifaa hiki ndicho kinachomruhusu mtu kutumia namba 10. Cha plastiki hakifai. Kichwa cha sindano nyembamba kinateleza juu yake au kinaitoboa. Cha bati jepesi nacho hutobolewa. Nunua cha chuma au shaba chenye vishimo vilivyochimbwa kweli, ubonyeze ukucha uvihisi. Kivae kidole cha kati, shusha mkono, utikise: kisidondoke, na kisiache alama nyekundu kikivuliwa. Mafundi wa suti hutumia subana, aina ya kastabini iliyo wazi juu, na kusukuma sindano kwa ubavu wa kidole. Kwenye joto la Dar es Salaam au Muscat tunaiona bora kuliko iliyofungwa, kwa kuwa kidole kinapumua na jasho halijikusanyi. Inachukua muda kuizoea.

Pasi ya mwisho

Toa bandi kwanza. Weka ukanda wa karatasi kati ya ukingo wa juu wa pindo na nguo, ili ovaloki isichape mstari wake upande wa nje. Piga mvuke, bonyeza mkunjo wa chini tu, inua pasi, usiisukume. Suruali ya sufu ibonyezwe kupitia kitambaa cha pamba kilicholowa kidogo.

Viwili tusivyovipendekeza

Uzi wa nailoni unaoangaza, unaouzwa kwa sifa ya kutoonekana, ndio unaoonekana kuliko nyuzi zote tulizozitaja. Unang'aa kama kamba ya ndoana juani, haulali, ncha zake huchoma ngozi, na mafundo yake hufunguka kwa sababu ni mgumu na unateleza. Nailoni pia hulainika kabla pasi haijafika joto la pamba. Kazi yake halali ni mapambo yasiyopigwa pasi, kama shanga.

Utepe wa gundi wa kupigia pasi unafaa kumvusha mtu siku moja ambayo pindo limeachia saa moja kabla ya hafla. Kama njia ya kudumu, hapana. Unaacha ukanda mgumu ambao kitambaa chepesi hakiwezi kuuficha, gundi hupenya na kung'aa kwenye satini, na baada ya kufuliwa mara kadhaa huachia vipande vipande. Nguo ikija mezani ikiwa na utepe huo, usishone juu yake. Gundi hushika sindano na kuchafua uzi. Weka kitambaa cha pamba kilicholowa juu, bonyeza pasi yenye mvuke mpaka gundi ilainike, vuta pindo likiwa bado la moto, kisha weka kipande kingine cha pamba kikavu juu ya mabaki na upige pasi. Gundi itahamia kwenye kipande hicho. Rudia kwa kipande kipya mpaka kitoke kikiwa safi, acha nguo ipoe kabisa, ndipo utunge sindano.